Mimea ya Tangi la Samaki, Aarhus na Nzega

Mtu akaaye Denmark na kupenda kufuga samaki wa mapambo nyumbani, kama nifanyavyo mimi hapa Aarhus, hana dhiki ya kutafuta mimea hai, maana jirani na mji huu, huko Egå, ndipo yalipo makao ya Tropica, kampuni iliyoasisiwa na Holger Windeløv mwaka 1970. Mnunuzi huingia dukani, akasoma kibandiko chenye jina la mmea, kimo chake na kiasi cha mwanga unaoutaka, akachukua kijichungu, au kikombe kilichofungwa chenye miche iliyooteshwa maabara, isiyo na konokono wala mwani, akalipa na kwenda zake.

Katika wepesi huo mna jambo ambalo muuzaji aghalabu halitaji. Mimea mingi ya vijichungu hukuzwa majani yakiwa hewani, kwa kuwa hivyo hustawi upesi. Na itiwapo ndani ya maji, majani yale ya zamani huoza, mnunuzi asiyejua akadhani ameuziwa maiti, ilhali mizizi i hai na majani mapya, yaliyozaliwa majini, yako njiani. Sharti pia aivue ile sufi ya mawe iliyoshika mizizi, kazi ya kuchosha vidole, wala sijui kwa nini hawaifanyi wao.

Nzega, Tanzania, hakuna duka la namna hiyo, na mwana wa kaka yangu, aliyejitengenezea tangi kwa vioo vya madirisha, huniambia kila tunapozungumza, “Baba mdogo, ukija niletee ile mimea ya vikombe.” Namjibu kuwa amezungukwa na mimea. Nchi ile haikuwa fukara hata zama za misafara: James Augustus Grant, aliyepita Unyamwezi, iliko Nzega, pamoja na mpelelezi mwenzake Speke mwaka 1861, alikusanya mimea njiani, na sampuli zake zikahifadhiwa Kew, Uingereza.

Tafauti ni kwamba Nzega mwenye duka ni majira. Masika, malambo na majaruba ya mpunga yakijaa, yungiyungi hutandaza majani juu ya maji. Kiangazi kikishika, udongo mweusi wa mbuga hupasuka na usidhani kimebaki kitu. Lakini chimba, utapata viazi vya yungiyungi. Kibonyeze kwa kidole gumba: kilicho kigumu ki hai, kinachobonyea kimeoza. Kiazi kikizikwa nusu katika mchanga uliooshwa, hutoa kwanza majani ya chini ya maji, laini na mepesi, ambayo ndiyo uzuri wa tangi. Na jani lipandalo juu likatwe, lisije likawanyima wenzake mwanga. Tena tangi liwekwe karibu na dirisha, maadamu mmea uliozoea jua la Nzega hupauka ukitiwa kivulini ghafula.

Hadhari kubwa ni ya kichocho. Usiingie lambo miguu mitupu. Vaa mabuti na glavu za mpira. Geuza kila jani, na ukiona utelezi mwangavu wenye vitone, hayo ni mayai ya konokono, yafute. Yai lenyewe halina kichocho, kwani konokono huambukizwa na maji yaliyoingiwa na mkojo wa mgonjwa. Anayeogopwa ni konokono mzima aliyekwisha kuambukizwa. Mwondoe, kisha uache mimea ndooni siku mbili, maana vijidudu vimtokavyo haviishi zaidi ya hapo visipompata mtu. Maji ya bomba nayo yalazwe wazi usiku kucha, klorini ipungue.

Kuhusu vikombe, jibu langu ni hapana. Gugumaji lililosumbua Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ziwa ambalo maji yake leo hunywewa hata Nzega, asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilisafirishwa duniani kwa ajili ya uzuri wa maua yake. Umoja wa Ulaya wenyewe ulipiga marufuku kuliuza mwaka 2016. Basi ndugu mlioko ughaibuni, msifiche miche ndani ya masanduku. Atakaye kuingiza mmea Tanzania aombe kwanza kibali kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Na aliyeko Nzega, asimwage lamboni wala mtoni maji na mimea ya tangi lake, bali aikaushe juani na kuichoma.