Je, Miaka Ile Ilipotea?

Kuna neno moja ambalo watu wetu hulitamka upesi mno: «Yule amepoteza miaka yake.» Husemwa juu ya kijana aliyekatiza masomo, juu ya fundi aliyeacha kiwanda, tena juu ya mtu aliyekaa seminari akatoka kabla ya kupewa upadri. Sisi tunaijua sauti ya neno hilo. Tulikaa seminari miaka 9. Tukatoka kwa amani, kwa shauri la walezi wetu, tukapewa kazi ya katekista. Hata leo wako wazee wanaotusalimu kwa huruma, kana kwamba tumefiwa.

Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, tuliposoma maisha ya mtaalamu mmoja wa Marekani, jina lake Eric Betzig, tuliona habari hii isikae kwetu tu. Sikilizeni.

Betzig alizaliwa mwaka 1960 katika mji wa Ann Arbor, jimbo la Michigan. Mwaka 1988, alipomaliza masomo ya juu, aliingia katika laboratwari kubwa ya kampuni ya Bell, huko New Jersey. Kazi yake ilikuwa mikroskopi, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo.

Hapa yafaa tueleze shida yenyewe. Wengi wetu tumeona mikroskopi katika dispensari. Mwuguzi huweka tone la damu juu ya kioo, hulitia dawa ya rangi, huinama kutazama, kisha husema: «Una malaria.» Vijidudu anaviona wazi. Lakini akitaka kuona vile vitu vidogo kabisa vinavyofanya kazi ndani ya kijidudu, macho yanakutana na ukungu. Sababu si ubaya wa kioo. Mwaka 1873 Mjerumani Ernst Abbe alionyesha kwamba mwangaza wenyewe una mpaka: vitu viwili vikikaribiana kupita karibu nusu ya wimbi la mwangaza, vinaonekana kama kitu kimoja. Mpaka huo ni karibu sehemu moja ya 5,000 ya milimita. Mikroskopi ya elektroni huona vidogo kuliko hapo, lakini haiwezi kutazama seli ikiwa hai.

Betzig alijaribu kuuvuka mpaka huo kwa kupitisha mwangaza katika tundu dogo sana, lililosogezwa karibu kabisa na kitu kinachotazamwa. Mwaka 1993 aliweza hata kuona molekuli moja moja. Lakini njia ile iliona juu juu tu, haikuingia ndani ya seli. Akachoka, akavunjika moyo, akaacha kazi nzuri ambayo wengi waliitamani, akakaa nyumbani kumlea mtoto. Fikirini maneno ya majirani!

Wakati huo alipokuwa hana kazi, wazo likamjia, na mwaka 1995 akaliandika katika kurasa chache za gazeti la wataalamu. Tulieleze kwa mfano wa kwetu. Usiku unasimama juu ya kilima, unatazama kijiji ng'ambo ya bonde. Taa zote zinawaka pamoja. Unaona doa moja la mwangaza, huwezi kuhesabu nyumba. Sasa watu wazime taa zote, wawashe moja tu. Doa lake ni pana bado, lakini unajua kwamba taa iko katikati yake. Unaweka alama kwenye karatasi. Inazimwa, inawashwa nyingine. Unaweka alama ya pili. Taa zote zikiisha kupita, karatasi yako inaonyesha kijiji chote, nyumba kwa nyumba. Mpaka wa Abbe haukuvunjwa. Umezungukwa kwa uvumilivu.

Wazo lilikuwa zuri, lakini taa zilikosekana. Katika seli, nani atawasha molekuli chache na kuziacha nyingine gizani? Betzig hakuwa na jibu. Akaenda kufanya kazi katika kampuni ya baba yake, iliyotengeneza mashini za viwandani. Akabuni mashini mpya yenye nguvu. Kwa miaka yote ile ziliuzwa 2 tu. Hiyo nayo akaiacha.

Lakini kumbe, taa zilikuwa zikitengenezwa mahali pengine, na watu wasiomfikiria. Wataalamu walikuwa wamepata kwa mnyama mmoja laini wa baharini protini inayong'aa rangi ya kijani. Mwaka 2002 George Patterson na Jennifer Lippincott-Schwartz wakaigeuza protini hiyo, ikawa haing'ai mpaka iamshwe na mwangaza wa zambarau. Mwaka 2005 Betzig na rafiki yake Harald Hess wakasikia habari za protini za namna hii. Wote wawili hawakuwa na kazi. Wakaunda mikroskopi yao katika sebule ya Hess, huko La Jolla, California. Kisha wakaipeleka Bethesda, katika laboratwari ya Lippincott-Schwartz. Wakaamsha molekuli chache, wakapiga picha, wakangoja zizimike, wakaamsha nyingine, mara maelfu. Mwaka 2006 walitangaza picha zao, zenye usafi karibu mara 10 kupita mpaka wa zamani. Mwaka 2014 Betzig alipewa Zawadi ya Nobel ya kemia, pamoja na Stefan Hell wa Ujerumani na mwenzao wa Marekani, William Moerner, waliofika kwa njia zao wenyewe.

Basi, je, miaka ile kumi ilipotea? Tusijibu upesi. Hatusemi kwamba mashini za baba yake ndizo zilizomfundisha siri ya seli. Hatusemi pia kwamba kila aachaye kazi atavikwa taji. Wengi huacha, wala hakuna anayewaandika. Tunasema hili tu: kama angekaa Bell miaka yote, taa zisingekuwa tayari mapema kwa sababu yake. Na kama angelisahau wazo lake, taa zingekuja, naye asingezitambua. Jambo kubwa alilofanya katika miaka ile ni kulihifadhi swali.

Katika mtaa wetu yuko kijana aliyetoka sekondari kwa kukosa karo. Sasa anatengeneza baisikeli chini ya mwembe. Jioni moja alituuliza: «Mwalimu, ile miaka minne ya hesabu, nimeitupa?» Hatukumwahidi Nobel, ahadi ya namna hiyo ni dhihaka. Tulimwambia: «Mwanangu, niambie hesabu gani ilikushinda ulipotoka.» Akaitaja pale pale, bila kufikiri. Tulifurahi moyoni, maana asiyesahau mahali alipofungiwa njia hajapotea. Sasa kila Jumamosi anakuja na daftari, mikono ina mafuta ya mnyororo, nasi tunavuta kumbukumbu za seminari ili tusiaibike mbele yake.

Nanyi wazee wetu, mkimwona mtu amesimama pembeni ya njia, msimlilie upesi. Mwulizeni kwanza anangoja taa gani.