Jani la Bodh Gaya

Nilikwenda Bodh Gaya, katika jimbo la Bihar huko India, kuzuru. Waliokuwa mbele yangu langoni walikwenda kuhiji. Vitenzi hivyo viwili nimevifundisha miaka mingi, lakini uzito wa tofauti yao niliuhisi pale. Hekalu la Mahabodhi lina kimo cha mita 55 hivi, na tangu 2002 limo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nyuma yake umesimama mti, ambao kwa itikadi yao ni uzao wa ule ambao Siddhartha Gautama aliketi chini yake hata akawa Buddha, yaani “aliyeamka”. Mahujaji hulizunguka hekalu miguu mitupu, likiwa mkono wao wa kuume. Baadhi husujudu kifudifudi juu ya mbao, huinuka, husujudu tena. Majani ya mti ule hayachumwi, huokotwa yaangukayo. Moja lilipoanguka karibu nami, bibi mmoja aliyevaa nguo nyeupe aliliokota, akanikabidhi. Nilisita: mwenye haki nalo ni yeye aliyeletwa na imani, si mimi niliyeletwa na udadisi. Hata hivyo nililipokea kwa mikono miwili, kama ilivyo adabu kwetu Burundi. Naye akarudi chini ya mti, akainua uso, akangoja jingine.