Nywele za Watoto wa Damu Mbili



Mwezi huu nataka kuzungumza nanyi habari ya jambo ambalo huenda mtu akaliona dogo mno kuandikwa katika gazeti la nyumba za Wakristo, nalo ni kuosha na kutunza nywele za watoto ambao mzazi wao mmoja ni Mwafrika na wa pili ni Mzungu. Watu huwaita chotara. Neno hilo mimi silipendi, maana hutumika pia kwa ng'ombe na kuku wa mbegu mbili, wala sijaona bado mtoto wa kanisa aliyestahili kuitwa kwa jina la kuku. Basi nitawaita watoto wa damu mbili.

Binti wa dada yangu aliolewa na mtu wa Ujerumani, nao wamejaliwa watoto wawili, msichana na mvulana. Tangu mwaka 2021 watoto hao wakaa nyumbani kwetu, wilaya ya Muheza, siku zote za masomo, kwa kuwa kazi za wazazi wao ni za safari. Huniita babu, ingawa sijatimiza miaka hamsini. Mke wangu ndiye awaoshaye nywele, na siku akiwa shamba nawaosha mimi. Majirani walipoona mara ya kwanza walicheka sana wakasema, "Mwalimu wa dini asuka nywele!" Nikawajibu ya kuwa Bwana wetu aliosha miguu ya wavuvi, nami nimepewa vichwa tu.

Wala nyumba ya namna hiyo si jambo jipya. Timotheo, aliyesafiri na Mtume Paulo, mama yake alikuwa Myahudi na baba yake Myunani. Twasoma hayo katika Matendo ya Mitume, mlango wa 16. Bibi yake Loisi na mama yake Eunike ndio wanaotajwa kwa imani yao. Kitabu hakisemi nani aliyekuwa akimchana nywele, lakini mtu aliyelea wajukuu aweza kukisia.

Kwanza yafaa kujua unywele wenyewe ulivyo. Umefunikwa na magamba madogo mno, yasiyoonekana kwa jicho, yaliyolaliana kama makuti ya paa. Ngozi ya kichwa nayo hutoa mafuta yake. Katika nywele za singa mafuta hayo hushuka mpaka ncha, kama mvua ishukavyo katika mlingoti. Bali katika nywele za kujikunja hukwama penye kona za kwanza. Ndiyo sababu mtoto aweza kuwa na mafuta ya kutosha kwenye ngozi, na huku ncha za nywele zake zimekauka kama nyasi za mwezi wa Januari. Tena kila penye kona unywele ni dhaifu, na hapo ndipo ukatikapo. Watu husema, "Nywele hizi hazikui." Zakua, karibu sentimita 1 kila mwezi, lakini zikikatika ncha kwa kadiri ile ile zikuavyo shinani, mama ataona urefu ule ule mwaka mzima.

Jambo jingine ni kwamba watoto hawa hawana nywele za namna moja, hata walio wa tumbo moja. Msichana wetu ana mawimbi penye paji la uso na kipilipili kisogoni. Ndugu yake ana kipilipili kichwa kizima. Wote wawili walizaliwa na nywele laini za kulala, zikabadilika kabla hawajatimiza miaka miwili. Bibi mmoja wa mtaani alimshauri mama yao awanyoe mara kwa mara ili nywele zile laini zirudi. Alishauri kwa upendo, lakini wembe haufiki lilipo shina, na shina lililo chini ya ngozi ndilo liupalo unywele umbo lake. Kwa hiyo mtu asitafute kanuni moja ya watoto wote wa damu mbili. Na atazame kichwa kilicho mbele yake.

Sisi huosha Jumamosi alasiri. Kuosha kila siku hukausha, na kungoja mwezi mzima huleta mba na mafundo. Kabla ya kumwaga maji, nywele hufumuliwa na kupakwa mafuta ya nazi toka kati hata ncha, zikaachwa kwa muda wa nusu saa. Mafuta hayo huingia ndani ya unywele, nao haujazwi maji kupita kiasi. Kisha mke wangu hugawa kichwa katika mafungu saba na kuyabana. Nilipomwuliza kwa nini saba, akanijibu ya kuwa Samsoni naye alikuwa na saba.

Sabuni twaitia penye ngozi tu, tukisugua kwa nyama za vidole, wala si kwa kucha. Povu likishuka latosha kusafisha nywele zilizobaki. Sabuni ya mche ya kufulia haifai kabisa. Ni kali, nayo huyainua yale makuti niliyoyataja, unywele ukakwaruza na kushikana na mwenzake. Afadhali sabuni ya maji ya nywele za watoto. Kisima chetu kina chumvi, na maji yake huacha utando mweupe, basi wakati wa masika twakinga maji ya mvua penye bati na kuyaweka kwa ajili ya suuza ya mwisho.

Sasa nasema habari ya kuchana, maana hapa ndipo kilio kilipo. Nywele hizi zisichanwe zikiwa kavu hata siku moja. Zichanwe zikiwa mbichi na zenye utelezi, na utelezi hupatikana kwa ile dawa ya dukani iitwayo kondishina. Mwenye fedha haba aweza kuchemsha bamia, akachuja maji yake, yakapoa. Nasi twafanya hivyo mara nyingi. Chukua fungu moja, lifumbue kwanza kwa vidole, halafu tumia chanuo lenye meno mapana. Anza nchani. Ukimaliza ncha panda kidogo, tena panda kidogo, hata ufike shinani. Mkono wa kushoto na ushike nywele juu ya lile fundo, ili uzito wa chanuo uishie mkononi mwako na usifike kichwani pa mtoto. Nimewaona watu wengi wakianza utosini na kuvuta mpaka chini kwa nguvu, mafundo yote yakakusanyika mahali pamoja kama taka mlangoni mwa mfereji, mtoto akalia, akapigwa ili anyamaze. Mtoto yule alilia kwa haki.

Mwanzo kazi hii ilitutwaa alasiri nzima. Siku hizi yatosha saa moja na dakika chache, tena ni saa njema, maana mtoto hana pa kwenda. Amri Kumi msichana wetu alizishika hapo, na habari za Yusufu na ndugu zake amezisikia mara nyingi hata hutusahihisha.

Kukausha kwafaa kwa shati kuukuu la pamba, ukibonyeza bila kusugua. Nywele zingali na unyevu, tia mafuta kidogo ya nazi au ya nyonyo ili maji yaliyomo yasitoroke upesi, kisha suka. Twende kilioni ni msuko mwepesi na waweza kukaa juma zima. Usikaze. Ukiona ngozi ya paji imevutwa, au vipele vidogo vimetokea penye mpaka wa nywele, fumua siku ile ile. Nywele zilizovutwa hivyo kwa miaka huondoka zisirudi. Usiku mfunge mtoto kitambaa cha hariri au cha namna hiyo kilicho laini, maana foronya ya pamba hunywa mafuta.

Dawa za kunyosha mtoto asitiwe. Nyingine zina magadi makali ya namna ile itumikayo kuzibua mabomba, nazo huunguza ngozi. Na mapunye, ambayo mvulana wetu aliyapata mwaka 2022, hayaponi kwa mafuta ya kupaka peke yake, kwa kuwa yamo katika shina la unywele; yapasa kwenda zahanati kupewa dawa ya kunywa, na kila mtoto awe na kitana chake.

Mpaka hapa nimesema mambo ya mikono. Liko na jambo la ulimi, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kila Jumapili, ibada ikiisha, watu humzunguka msichana huyu wakamshika kichwa na kusema, "Mtoto huyu ana nywele nzuri!" Wasemao hivyo nawajua, ni watu wapole. Lakini binti yangu mwenyewe husimama karibu yake akisikia. Kwa hesabu ya ukoo yeye ni mama mdogo wa yule mwingine, ingawa wapitana miaka miwili tu, nao hulala kitanda kimoja. Nywele zake ni kipilipili kama zangu. Usiku mmoja alimwomba mama yake ammwagie kondishina chupa nzima, hata nywele zake nazo ziwe nzuri. Mke wangu hakulala vizuri usiku ule, wala mimi.

Nchi ya Afrika ya Kusini ilionyesha kwa wazi mambo haya yafikapo. Sheria ya mwaka 1950 iliamuru kila mtu aandikwe kabila la rangi yake, na mtu alipotiliwa shaka, wako maafisa waliomtia kalamu ya risasi katika nywele. Ikianguka, yu Mzungu. Ikikwama, si Mzungu. Kwa kalamu hiyo ndugu wa tumbo moja waliweza kutengwa, huyu shule hii na yule shule ile. Sheria ile ilifutwa mwaka 1991. Sisi hatuna sheria kama hiyo, wala hatuna maafisa. Lakini mtu asemapo nywele za huyu ni nzuri, na mwenzake amesimama hapo, amekwisha kumtia kalamu.

Nayo ilifika shuleni. Katika shule wasomayo watoto wetu kanuni ni kwamba wasichana wote wakatwe nywele ziwe fupi. Binti yangu alikatwa. Mjukuu wangu akaambiwa aache zake, asuke tu, maana "hizi ni nzuri, ni hasara kuzikata." Nilikwenda kuonana na mwalimu, mtu mwenye heshima, tukaketi chini ya mwembe. Nikamwuliza sababu ya kanuni. Akasema ni usafi, na chawa, na kuokoa wakati wa masomo. Nikasema, "Mwalimu, je, chawa huchagua?" Akacheka. Akasema nywele za watoto wale ni rahisi kutunza. Hapo nikamweleza habari za Jumamosi zetu tangu mafuta ya nazi hata kitambaa cha hariri, naye akanyamaza kitambo, kisha akasema kwamba ndivyo alivyoikuta desturi.

Sikumtaka amkate mjukuu wangu. Nilimtaka awe na kanuni moja, ama wote wasuke ama wote wakatwe, na ikiwa yuko mwenye ruhusa, sababu yake iwe ni jambo jingine, wala si uzuri. Nilipomweleza mama wa watoto kwa simu, alikaa kimya muda mrefu, akasema, "Mjomba, mwulizeni mwenyewe." Tukamwuliza. Mtoto akasema ataka kuwa kama mama mdogo wake. Dada yangu, bibi yake mzaa mama, alilia sana akisema nywele zile zimeoshwa miaka yote kwa taabu, zitupwe leo? Nami sikuwa na neno la kumjibu, maana taabu ile naijua.

Walikatwa Januari 2024 benchi moja, mkasi mmoja. Nywele zake zilipokuwa fupi zilijikunja kisogoni, na kwa nyuma watu wakashindwa kuwatofautisha wale wasichana wawili, jambo lililowapendeza kupita kiasi. Wakati wa likizo huziacha zikue, na mama mdogo humsuka mwenzake mabutu, halafu hubadilishana. Kichwa kifupi nacho chataka maji na mafuta kila Jumamosi. Kazi imepungua nusu, haikwisha.

Walimu wenzangu msomao gazeti hili, kanuni za nywele katika shule zenu zatoka mikononi mwenu. Huku kwetu mwalimu yule ameahidi kulipeleka neno hili mbele ya kikao cha wazazi, nami nimeomba nafasi ya kusema.

Ni mimi ndugu yenu katika Bwana,
Katekista, Muheza