Barua Kabla ya Kuondoka

Hapa Kakuma watu wanaotujua vizuri huwa hawakai. Mwalimu anapata shule karibu na kwao, anaenda. Mkataba wa nesi unaisha, anapanda gari la Lodwar. Sisi tunabaki na namba za simu ambazo hazishiki. Ndiyo maana nataka tuongee juu ya barua za mapendekezo, hasa kwa vijana wanaotaka kusoma udaktari.

Chuo cha Kenya kinaangalia kwanza alama za KCSE. Lakini alama hazilipi karo. Udaktari ni miaka mingi, na mfadhili anataka kujua wewe ni nani kabla ya kutoa pesa yake. Vyuo vingi vya nje pia vinauliza. Wanataka barua mbili au tatu, na mara nyingi wewe mwenyewe huishiki hiyo barua. Unajaza imeli ya anayekujua kwenye fomu, yeye anatumiwa linki, anaandika na kuituma. Ndugu yako hakubaliwi.

Mwaka jana dada mmoja wa kikundi chetu cha vijana alikuwa anaomba ufadhili. Alikuwa amejitolea kliniki miaka miwili, akiwatafsiria akina mama Wakongo kwa manesi. Nesi aliyemwona kila siku alikuwa ameshaondoka, na imeli yake ya kazi ilifungwa mkataba ulipoisha. Linki ilitumwa, ikarudi. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Aliyebaki ni mama mmoja, mhudumu wa afya ya jamii, mkimbizi kama sisi. Yeye alikuwepo usiku ambao mzazi mmoja alitokwa na damu nyingi, na dada huyu akamshika mkono huku akimweleza nesi kila neno, bila kutetemeka. "Miye nilimuona na macho yangu," mama alisema. "Lakini karatasi yangu nani atasoma?" Hana imeli ya ofisi, hana muhuri.

Tukakaa naye, yeye akisema, mimi nikiandika: miezi, kazi, mambo aliyoyaona. Tukampelekea tabibu msimamizi. Huyo alimwita dada, akamuuliza maswali, akaangalia daftari la zamu, halafu akaandika barua yake mwenyewe na kutaja wazi yale aliyoambiwa na mhudumu. Barua iliingia ikiwa imebaki siku moja. Jibu bado tunangoja.

Sasa vijana, msingoje fomu itoke. Omba barua wakati anayekujua bado yuko. Mpe karatasi yenye masomo yako, kazi ulizofanya na kozi unayotaka. Chukua imeli yake ya binafsi, siyo ya shirika tu. Na umwombe aandike kitu alichokuona ukifanya. "Ana bidii na nidhamu" inaweza kuandikiwa mtu yeyote.

Na nyinyi wafanyakazi wa mashirika, siku ya mwisho mnarudisha funguo, laptopu na kitambulisho. Ongezeni kazi moja. Kila kijana aliyefanya kazi nanyi, mwandikieni barua yenye tarehe, sahihi na njia ya kuwapata. Muache nakala ofisini. Na yule mama asiye na muhuri, msikilizeni kabla hamjaandika, maana yeye atakuwa bado yuko hapa.