Kutoka Nje ya Ufunguo

Siku moja ya Novemba, msimu wa senene, nilikuwa safarini kutoka Bukoba kwenda Muleba katika basi dogo lililopakia watu kupita kiasi. Tulipoipita Kemondo, dereva akaweka "Salome", wimbo ambao Diamond Platnumz aliutoa pamoja na Rayvanny mwaka 2016. Bibi mmoja aliyepakata kikapu akasema, kwa sauti iliyofika kiti cha nyuma, kwamba vijana hawa wameuchukua wimbo wa mtoto wetu Saida Karoli wakaupaka manukato. Kijana aliyesimama mlangoni akamwamkia kwanza, kisha akamjibu: "Bibi, Saida ni mtunzi, hilo simpingi. Lakini kuimba, hapana. Sauti yake haikufundishwa. Hawa ndio wanaoimba."

Basi zima likagawanyika. Hadi Muhutwe watu walikuwa bado wanabishana, Kihaya na Kiswahili vikipokezana, na dereva alilazimika kuurudia wimbo mara mbili ili ushahidi usikilizwe upya. Mimi niliyefundisha kwaya kwa miaka tisa, na ambaye pengine ndiye peke yangu mle ndani niliyewahi kulipwa kwa kuzihukumu sauti za watu, nilinyamaza. Maneno ya yule kijana niliyajua. Niliyatamka mwenyewe mwaka 1994, karibu neno kwa neno, na niliyemtamkia ndiye niliyekuwa nikienda kumtembelea.

Mtu huyo ni shangazi yangu, mdogo wa marehemu baba. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa kwaya katika kanisa moja la Bukoba mjini, kijana mwenye kichuma kidogo mfukoni cha kutolea sauti ya kuanzia, niliyefundishwa kusoma noti za do-re-mi na kuamini kwamba sauti njema ni ile iliyo safi, inayoshika mahali pake, isiyotikisika wala kukwaruza. Shangazi alikuwa akiishi mjini kwa mwanawe, akajiunga na sauti ya pili. Alikuwa na koo zito, lenye vumbi, na zaidi ya hapo alikuwa na kosa moja lisilotibika: alitoka nje ya ufunguo. Si kila mahali. Katika nyimbo za kitabu zilizotafsiriwa kwa Kihaya kulikuwa na mahali fulani ambapo wenzake walipanda naye akashuka, au wenzake walivuta naye akakata. Nilimsahihisha mbele ya watu wote. Akaitikia kwa heshima, "Ndiyo, mwalimu," japo mimi ni mtoto wa kaka yake, na Jumapili iliyofuata akashuka pale pale. Sikukuu ya Pasaka ilipokaribia nikamwita kando nikamwambia kwamba ana moyo wa kuimba lakini sauti hana. Akanishukuru. Akarudi Muleba kabla ya msimu wa kahawa.

Sitaki kujitetea, ila nieleze jinsi nilivyofikiri. Niliamini, na sehemu ya imani hiyo ninayo hata leo, kwamba kuimba ni kazi kama useremala, na kwamba asiyeijua kazi asiachiwe randa kwa sababu tu anaipenda mbao. Waliokuwa wakinipinga wakati ule walikuwa na jibu jepesi: kuimba ni hisia, ufundi ni pambo. Jibu hilo halikunishawishi, na mwaka 1996 ulinionyesha kwamba si la kweli.

Alfajiri ya tarehe 21 Mei mwaka huo meli ya MV Bukoba, iliyoondoka Bukoba na kuchukua abiria wengine Kemondo, ilizama ikikaribia Mwanza. Waliokufa walikuwa mamia. Msomaji wa hapa Visiwani aliyeyaona majonzi ya Nungwi mwaka 2011, MV Spice Islander ilipozama, hahitaji kuelezwa hali ilivyokuwa. Jirani ya shangazi, mfanyabiashara wa ndizi, alikuwa ndani ya meli ile. Alizikwa Igoma, Mwanza, pamoja na wengi ambao maiti zao hazikuweza kurudishwa makwao, na kijijini tukakaa matanga pasipo kaburi la kulitazama. Nilikwenda na kwaya yangu, watu ishirini na wawili waliofanya mazoezi barabara.

Tuliimba ubeti mmoja. Katika wa pili waimbaji wa sauti ya kwanza walianza kulia, tena kwa sababu ya haki kabisa, na kwaya ikafumuka kama mkeka uliokatwa ukingo. Mjane mwenyewe alijaribu kuiokota ile sauti iliyoanguka. Akafumbua kinywa, na kilichotoka kilikuwa pumzi tupu. Ikiwa hisia ndiyo inayoimba, basi pale pasingekosekana mwimbaji, kwani hapakuwa na mtu aliyekuwa na hisia kumshinda yule mama. Hisia ndiyo iliyomziba koo.

Ndipo shangazi, aliyekuwa ameketi juu ya nyasi zilizotandazwa sakafuni kwa desturi yetu, akaanza. Alianza chini sana, karibu na kusema. Wanawake wawili wakamwitikia, kisha saba, kisha nyumba nzima. Hakulia. Alivitaja vijiji kimoja kimoja kutoka nyumbani hadi gatini, kana kwamba anamsindikiza marehemu kwa miguu, na kila alipohitaji pumzi aliivuta katikati ya neno mahali ambapo mimi ningemkataza, na neno likawa na mkato kama wa mtu anayejikwaa. Karabai ilipigwa pampu mara tatu kabla hajanyamaza. Sauti yake haikupungua, haikupanda ili kutuliza wala kuliza. Ilikaa pale ilipo, na sisi tukaielekea. Mjane alilala usiku ule. Kwaya yangu ilikaa nje ukutani ikiitikia.

Nilichokishuhudia hakikuwa hisia zilizokishinda kipaji, kama watu wanavyopenda kusimulia. Kilikuwa ufundi. Mtu hawezi kuongoza maombolezo kwa saa nne kwa bahati. Shangazi aliyajifunza hayo katika harusi na misiba ya miaka thelathini, akiongoza waitikiaji walevi na waliofiwa, wavivu na wenye haraka, bila kipaza sauti, ndani ya nyumba na kwenye migomba inayoimeza sauti. Alijua kuigawa pumzi. Alijua lini aache kiitikio kimfunike na lini akitangulie. Kwamba alikuwa na elimu nilikuwa nimeikosa kuiona kwa sababu haikuwa na noti, hilo nilikiri usiku ule ule. Kwa nini alishuka pale pale kila Jumapili, hilo sikulijua bado.

Nilihamia Unguja miaka michache baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kanda za Saida Karoli zilivuka bahari, na "Maria Salome", ambao wengi waliuita "Chambua kama Karanga", ukawa unasikika Darajani hata katika maduka ya watu ambao hawajawahi kuiona migomba ya Kagera. Muuza kanda mmoja alipojua kwamba mimi ni Mhaya alinikamata mkono nimfasirie maneno. Nikamfasiria, kwa uangalifu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa masikitiko: "Bora usingeniambia."

Nimemkumbuka mtu yule mara nyingi, maana lipo jibu la pili ambalo watetezi wa sauti zisizofundishwa hulikimbilia: kwamba katika muziki wa watu kinachobeba ni maneno. Wana mfano mzuri. Remmy Ongala hakuwa na sauti laini kama ya Hassan Rehani Bitchuka, ambaye angeweza kuusoma mkataba wa nyumba watu wakamtunza. Lakini Remmy alipoimba "Mambo kwa Soksi", akiwahimiza watu kutumia kinga, na Radio Tanzania ikakataa kuupiga, watu waliutafuta kwa sababu ulisema jambo. Mkoani kwetu, ambako wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa mwaka 1983 na ambako nyumba nyingine zilibakiwa na bibi na wajukuu tu, hakuna aliyeuliza kama Remmy alifundishwa kupumua. Hilo ni kweli kwa Remmy. Kwa Saida si kweli, kwani wengi wa waliompenda kutoka Dar es Salaam hadi Unguja hawakuelewa anachosema. Yule wa Darajani maneno yalimpunguzia raha. Kilichomfikia ni koo lenyewe.

Basi koo hilo lilikuwa na nini? Nilikaa na kanda ile kwa wiki nzima, nikifanya kazi niliyoizoea: kutafuta makosa. Niliweka alama kila mahali ambapo sauti iliacha mstari niliouona mimi kuwa ndio wimbo. Alama zilipokuwa nyingi nikaanza kuona zinafuatana. Alishuka pale ambapo neno lenyewe, mtu akilisema kwa Kihaya mlangoni pa nyumba yake, linashuka. Alikata pale ambapo neno linakatika. Kihaya ni lugha ya toni; neno lina mlima na bonde lake kabla muziki haujafika, na mtunzi wa kwetu huujenga wimbo juu ya ardhi hiyo. Wapiga nanga wetu, kama marehemu Habibu Selemani, ambao M. M. Mulokozi ameandika juu yao kwa kirefu, huweza kutamba tendi ndefu kwa sauti chache tu zinazokaribiana, na msikilizaji asichoke, kwa sababu lugha inafanya nusu ya kazi ya lahani. Kwa asiyejua Kihaya, mlima na bonde hilo halina maana, lakini analisikia. Anasikia sauti inayojua inakokwenda.

Nyimbo za kitabu zilikuja kinyume chake. Lahani ilitungwa Ulaya kwa maneno ya Ulaya, kisha maneno yetu yakavalishwa kanzu iliyoshonwa kwa mwili wa mwingine. Mahali pengine neno linaloshuka lilivutwa juu, na sisi tuliozaliwa ndani ya kwaya tukazoea hata tukaacha kusikia. Nilikifungua kitabu cha zamani nikazitafuta nyimbo ambazo shangazi alizikosea. Nilizikumbuka, kwa sababu nilimsahihisha mara nyingi. Kila mahali alipotoka nje ya ufunguo, alikuwa amelirudisha neno nyumbani.

Sisemi kwamba kila koo linalokwaruza lina hekima. Nimeshakaa katika kamati ya mashindano, na naweza kuapa kwamba sauti mbovu zipo, na wenye nazo hawapungui. Lakini nakerwa zaidi na sifa tunazowapa wale tunaodai kuwapenda. Saida tunamwita wa asili, kama kwamba sauti yake iliota kama kisamvu. Bi Kidude tulimwita hivyo pia. Tulizungumzia sigara zake na umri wake kuliko miaka aliyoitumia kujifunza nyimbo za Siti binti Saad, na hata alipopewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 wapo waliodhani inatuzwa miujiza. Na Siti naye, kabla ya kwenda Bombay kurekodi sahani mwaka 1928, alikuwa mchuuzi wa vyungu kutoka Fumba aliyenadi bidhaa yake njiani. Hilo tunalisimulia kama kisa cha umaskini. Mimi nalisoma kama darasa. Mwenye kunadi vyungu mitaani anajifunza mambo ambayo kichuma changu hakikuwa nayo: sauti ifike dirisha la juu bila kupigwa ukelele, na neno lieleweke kabla mpita njia hajapita.

Usafi, kwa upande mwingine, umekuwa rahisi. Studio ya leo ina programu inayoivuta sauti mahali pake kwa kubonyeza kitufe, na kijana wa mlangoni amekua akisikia sauti zilizonyooshwa hivyo tangu utotoni. Simlaumu. Masikio yake yamefundishwa na mashine kama yangu yalivyofundishwa na kitabu. Huu wa 2016 nao una ufundi wake, wa mdundo na wa kuchezesha watu, na hata yule bibi mwenye kikapu nilimwona akitikisa bega.

Nilishuka Muleba mjini, nikapanda pikipiki hadi kwa shangazi. Nilimkuta uani ameketi mbele ya ungo wa senene, anawanyonyoa mabawa na miguu. Nikamwamkia, nikaketi, nikaanza kunyonyoa nami, na baada ya muda nikamweleza yote: kitabu, neno, mahali pale pale. Nilijieleza kama mwalimu, yaani kwa urefu. Aliendelea na kazi yake. Nilipomaliza akacheka kidogo.

"Kila Jumapili nilikuwa nakungoja hapo," akasema. "Nilidhani utasikia, mwanangu. Baba yako angesikia."

Nikamwomba radhi. Akasema senene wanapoa, yaani wanakufa, na aliyekufa hanyonyoki vizuri, basi tuharakishe. Kisha akaanza kuimba kwa chini, wimbo wa harusi ninaoujua tangu utoto, koo likiwa na vumbi zaidi kuliko zamani. Kiitikio kilipofika nikaingia.

"Umechelewa," akaniambia, akaanza tena.