Nauli ya metro hailipi metro



Leo nijibu swali ambalo shemeji na mpwa wangu huniuliza kila wakipiga simu: hiyo treni isiyo na dereva, nauli yake si ya matajiri? La. Kwa kadi ya Nol ya kawaida, safari ndani ya kanda moja ni dirham 3, kanda mbili dirham 5, zaidi ya hapo dirham 7.5. Mimi hununua pasi ya siku 30 ya kanda zote kwa dirham 350, kama shilingi 12,000 za Kenya. Iwe jua iwe mvua, bei ni ile ile. Kwa hiyo tarehe moja najua nitabakiwa na ngapi, na nyumbani mtapata ngapi. Ingekuwa tunadaiwa gharama kamili ya kulijenga lile dude, wallahi ningekuwa natembea kwa miguu na Western Union wangenisahau.

Basi nani analipa? Wengi mtasema mafuta. Jamani, mafuta mengi yako Abu Dhabi, Dubai ina machache sana. Kodi ya mshahara nayo hapa hakuna.

Kwanza serikali yenyewe ilitoa, na ilitoa kwa maumivu. Bajeti ya mwanzo ya metro ilikuwa dirham bilioni 15.5. Mpaka reli nyekundu inafunguliwa tarehe 9 Septemba 2009, hesabu ya mradi ilikuwa imefika kama bilioni 28. Miezi miwili baadaye kampuni ya serikali, Dubai World, ikawaomba wadai wake wasubiri, na Desemba mwaka huo Abu Dhabi ikatoa dola bilioni 10 kumwokoa jirani. Kwa hiyo msidhani hela huku zinaokotwa jangwani.

Pili, wenye magari. Tangu Julai 2007 kuna milango ya Salik barabarani. Hakuna kizuizi wala askari, ukipita chini yake tu umeshakatwa dirham 4. Tangu Januari 2025 saa za msongamano ni dirham 6. Pesa hizo zilikuwa zikiingia RTA, mamlaka ile ile ya barabara, mabasi na metro. Mwaka 2022 serikali ikauza asilimia 24.9 ya Salik kwenye soko la hisa, ikapata dirham bilioni 3.7. Hata hivyo, RTA bado inapata fungu lake katika makusanyo. Baadaye wakauza pia hisa za teksi (2023) na za maegesho (2024).

Tatu, majina. Hili huwachekesha wageni. Kampuni hulipa ili kituo kiitwe kwa jina lake. Kuna kituo kiliitwa Sharaf DG, duka la vifaa vya umeme, baadaye kikaitwa Mashreq, benki. Unamwelekeza mgeni "shuka Sharaf DG", anakutazama kama umerukwa na akili.

Sasa turudi kwetu, maana hapa ndipo penye uchungu. Matatu haipati senti ya ruzuku. Bali ndiyo inayotoa: kaunti inaitoza ada, na tangu Julai 2024 kila lita ya mafuta inayotia ina shilingi 25 za ushuru wa kutunza barabara. Mwenye gari analihamishia hilo kwa makanga, makanga kwa abiria. Mvua ikinyesha, nauli inapanda maradufu, na dada yangu anasimama stendi akihesabu sarafu. Huku mwenye gari la kifahari anachangia safari yangu. Kwetu muuza mboga aliyebanwa kiti cha nyuma anachangia barabara anayopita mwenye gari la kifahari.

Msije mkaniambia kwetu haiwezekani. Likoni je? Magari yanalipa feri, waendao kwa miguu wanavuka bure, na tofauti inabebwa na serikali. Fikra ni ile ile ya Salik, na sisi watu wa Mombasa tuliizoea kabla Dubai haijawa na mlango hata mmoja. Kasoro yetu ni kwamba bure bila matunzo na usimamizi inaua. Hatujasahau Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994: watu 272, feri imejaa kupita kiasi. Pesa ya usafiri wa umma haiishii kwenye kununua chombo, lazima itoke kila mwaka.

Nisiwapambie Dubai pia. Vijana wa ujenzi wanaokaa kambi za Sonapur hubebwa na mabasi ya kampuni zao, na metro wengi wao huipanda siku ya mapumziko tu. Na sisi wageni hatuulizwi nauli iwe ngapi. Linaamuliwa juu, tunaambiwa.

Nyinyi mnaulizwa, angalau kila miaka mitano. Mgombea akija na fulana na ahadi ya treni ya umeme, msimuulize treni itakuwa na rangi gani. Muulizeni nani ataijazia nauli mwaka wa pili, wa tatu na wa kumi: mwenye gari, mwenye jengo kando ya kituo, au mama wa mboga tena? Asiyekuwa na jibu, mchangamkieni, chukueni fulana, kura mpeni mwingine.

Haya, nisiwachoshe. Mpwa wangu, nadhani umejibiwa. Nisalimieni mama, mwambieni pesa ya dawa itaingia Alhamisi. Wasalaam.