Aliyetusindikiza

Ndugu vijana, ninyi mnaokwenda uwanja wa Luano kila Noeli inapokaribia ili kuwapokea ndugu watokao Ulaya, huwa mnaona mwisho wa safari tu. Mnaona mlango ukifunguka, valizi zikisukumwa, watoto wakiona haya kusalimia kwa Kiswahili, na mama wakubwa wakipiga vigelegele. Nasi tulipokuwa na umri wenu tulisimama palepale, nyuma ya kizuizi, tukiamini kwamba mtu atokaye Ulaya amefika bila jasho. Leo tungependa kuwasimulia mwanzo wa safari yetu moja, yaani yale yaliyotupata kati ya mlango wa nyumba yetu na uwanja wa ndege. Ni mwendo wa kilomita 90 hivi, wala hazizidi sana. Tumekaa na habari hii mwaka mzima pasipo kumwambia mtu.

Sisi ni jamaa ya watu watano: baba, mama na watoto watatu. Tunaishi Liège, mashariki ya Ubelgiji, mwaka wa 11 sasa. Mmoja wetu huwahudumia wazee katika nyumba yao ya malezi. Mwingine hupanga mizigo ghalani, usiku. Miaka 6 ilikuwa imepita bila kuiona Lubumbashi. Nkambo alikuwa ameanza kupoteza macho, na kila alipopiga simu alirudia neno lilelile: kwamba mtoto wetu wa mwisho anamjua kwa sauti tu, na kwamba angependa kumtazama uso wakati macho yangali na nuru kidogo.

Basi tuliamua kwenda. Tiketi tulizilipa kidogo kidogo tangu Pasaka. Kisha kukaja habari ya visa, jambo ambalo wengi wenu hamlijui. Wanne kati yetu wana pasipoti za Ubelgiji, na Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu chake cha 10, yasema kwamba uraia wa Kongo ni mmoja, wala hauwezi kushikwa pamoja na mwingine. Kwa hiyo tuliomba ruhusa, na kuilipia, ili watoto wakamwone nkambo wao. Tena kuna kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo bila hiyo mtu hawezi kuingia Kongo. Na kuna mizigo. Kila mmoja wetu aliruhusiwa valizi mbili za kilo 23. Hesabuni wenyewe: valizi 10, kilo 230. Ndani yake mlikuwa na dawa za Nkambo na chombo cha kumpimia shinikizo la damu. Lakini sehemu kubwa, tuseme kweli, ilikuwa nguo na viatu. Valizi moja nzima ilijaa viatu vya binamu na shemeji, maana mtu akirudi kwao baada ya miaka 6 huogopa sana mikono mitupu, na huogopa zaidi maneno yatakayosemwa juu ya mikono hiyo.

Mizigo ya namna hiyo haipandi treni. Ndiyo sababu tulimwita Baba Mdogo.

Ndivyo watoto wetu wanavyomwita, ingawa si ndugu yetu wa damu. Ni mtu wa Lubumbashi kama sisi, mzaliwa wa Katuba. Ana kamyoneti ya zamani ambayo kwayo huwahamishia watu vyombo vya nyumba. Noeli inapofika, na tena wakati wa likizo kubwa ya mwezi wa saba, Wakongo wa mtaa wetu humwomba awapeleke Zaventem, penye uwanja wa ndege wa Brussels. Hupokea fedha za mafuta tu. Sijui hata kama zinatosha, alisema siku moja mmoja wetu; lakini hakuna aliyemwuliza.

Yeye mwenyewe haendi. Alifika Ubelgiji akikimbia, na alilolikimbia ni lake, hatulisimulii hapa. Alipewa hadhi ya mkimbizi, na pamoja nayo hati ya kusafiria, ile inayotokana na Mapatano ya Geneva ya mwaka 1951. Kwa hati hiyo aweza kuomba kuingia karibu kila nchi ya dunia, isipokuwa moja, yaani ile aliyozaliwa. Akirudi huko aweza kunyang'anywa hadhi yenyewe. Mama yake angali hai, Katuba.

Ndege yetu ilikuwa iondoke saa mbili na nusu usiku, na kupokea mizigo kungefungwa saa moja kabla. Tulikuwa tumepatana tuondoke nyumbani saa nane mchana. Baba Mdogo alifika saa nane na dakika 20. Alikuwa amehamisha vyombo vya watu tangu asubuhi, na mikono yake ilikuwa na baridi. Akaomba msamaha, akapakia valizi zote 10 karibu peke yake, maana sisi tulikuwa tukizungukazunguka chumba hadi chumba tukifunga madirisha na kugombezana juu ya funguo. Mwisho akatoa chini ya kiti chake mfuko mweusi uliofungwa kwa kamba. «Yaya, huu ni wa Mama. Si mzito.» Tukaupokea na kuuweka juu ya valizi ya tisa, iliyokuwa na nafasi kidogo.

Tulikuwa tumeacha mji kilomita 10 nyuma wakati mmoja wetu alipohesabu kadi za manjano na kukuta nne. Tulizitafuta katika mifuko, katika makoti, katika kitabu cha sala. Ya tano ilibaki juu ya friji. Tulirudi. Hapo tulipoteza dakika 40, na makosa yalikuwa yetu kabisa. Msisahau jambo hili mtakaposoma yanayofuata.

Mnajua kwamba huko, katika mwezi wa Desemba, jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Siku ile lilikuwa kama halikutoka kamwe. Mvua ilinyesha, ikaanza kuganda juu ya barabara. Kabla ya kufika Tienen, mji ule wa sukari, taa nyekundu za magari zilitanda mbele yetu mpaka macho yalipoishia. Mbele kulikuwa na ajali. Tukasimama. Robo saa, nusu saa. Mtoto wa mwisho akaanza kulia kwamba anataka kwenda haja. Wa kati akauliza kama ndege itatungoja, akauliza tena, akauliza mara ya tatu, akapigiwa kelele. Tulihesabu tiketi tano zilizolipwa tangu Pasaka. Tulihesabu visa. Tulimwona Nkambo ameketi uani, amevaa kitenge chake cha sikukuu, akiangalia upande wa barabara kwa macho yale yasiyoona vizuri.

Baba Mdogo alikuwa ametulia, mikono juu ya usukani. Akasema, «Yaya, tutafika.» Alisema kwa upole, labda kwa sababu ya watoto. Lakini upole wake ulituchoma. Na mmoja wetu akamjibu: «Wewe unaweza kusema hivyo. Wewe huna la kupoteza, huendi popote. Ungefika saa nane tungekuwa tumeshapita.»

Hatutawaambia ni nani kati yetu aliyesema. Mwingine alisikia na hakumkemea, na moyoni alikuwa na maneno yaleyale. Ndiyo maana tunaandika «sisi».

Baba Mdogo hakujibu. Aliongeza joto ndani ya gari, kwa kuwa watoto walikuwa wakitetemeka. Kisha, magari yaliposogea kidogo, alitoka katika barabara kuu akashika barabara ya zamani, ile iliyokuwa njia ya kwenda Brussels kabla barabara kuu haijajengwa. Hupita Tienen hadi Leuven, katikati ya vijiji na mashamba. Aliiendesha polepole juu ya barafu, bila redio, bila neno. Mahali fulani alisimama kando ya ukuta, akamshusha mtoto, akamfunika kwa koti lake mwenyewe alipokuwa akijisaidia. Sisi tulitazama saa.

Tulifika Zaventem saa moja kasoro robo. Alileta vigari viwili vya mizigo, akapanga valizi, akawabusu watoto kichwani. Mahali pa kushushia watu gari haliruhusiwi kukaa sana. Akasema atazunguka na kungoja nje mpaka tumpigie simu kwamba tumepita. Baadaye tulijua kwamba hufanya hivyo kwa kila jamaa anayoisindikiza. Tulimwambia asante kwa haraka, namna mtu amwambiavyo mwenye duka.

Kwenye mizani, valizi nane za kwanza zilipita. Ya tisa ikaonyesha kilo 26. Mtumishi akatuambia, bila ukali, tupunguze kilo 3 au tulipie. Fedha tulizobakiza zilikuwa za teksi ya Lubumbashi na za siku za kwanza. Tulipiga magoti sakafuni, watu wakiwa wamejipanga nyuma yetu, tukafungua valizi. Mfuko mweusi ulikuwa juu kabisa. Tuliupima kwa mkono. Ulikuwa kama kilo 3.

Ingewezekana kufungua valizi ya viatu. Ilikuwa pale pale, bado haijaingia. Ingewezekana kuacha jozi nne au tano, na binamu zetu wasingekufa. Lakini tuliambiana kwa sauti ya chini kwamba si vizuri kubeba mfuko wa mtu mwingine ambao hatukuufungua; kwamba viwanja vya ndege vinakataza. Ni kweli, vinakataza. Mchana ule hatukulikumbuka, na tungaliweza kumwomba Baba Mdogo aufungue mbele yetu, naye angefanya hivyo akicheka. Tulilikumbuka hapo, magoti yakiwa sakafuni, kwa kuwa lilitufaa.

Tulimpa binti yetu wa kwanza mfuko, aliyekuwa na miaka 15, tukamwambia akimbie nje amrudishie. Alituangalia. Kisha akakimbia. Valizi zikapita zote. Aliporudi mikono yake ilikuwa mitupu na nywele zake zimelowa.

«Amesema nini?»

«Amesema hakuna neno, mwende salama.»

Tulipita ukaguzi, tukafika mlangoni, tukapanda ndege ya Addis Ababa. Watoto wadogo walilala kabla taa hazijazimwa. Hapo ndipo binti yetu alipoongeza, akiwa ameelekea dirishani, kwamba Baba Mdogo alimwuliza pia swali moja: je, valizi ya viatu imepita? Yeye ndiye aliyezipakia zote, aliijua kila moja kwa uzito wake. Binti alimjibu kwamba imepita. Naye akasema, «Vema.»

Na simu aliyokuwa akiingoja, ya kumwambia kwamba tumepita, hatukuipiga. Tuliikumbuka juu ya mawingu. Hatujui alizunguka mpaka saa ngapi katika baridi ile.

Luano mlitupokea kama mnavyopokea wote. Vigelegele vilikuwa vile vile, na Nkambo alimshika mtoto wa mwisho uso kwa mikono miwili, akamsogeza karibu kabisa na macho yake, akasema anafanana na marehemu babu yake. Viatu viligawanywa siku ya pili. Vingine havikuwatosha watu.

Siku ya nne tulikwenda Katuba. Tungaliweza kutokwenda, na tulilijadili. Tulinunua kitenge njiani, na mmoja wetu alipendekeza tuseme kwamba kimetumwa. Binti alisema akisikia hivyo atatoka nje. Basi tulikitoa kama zawadi yetu wenyewe. Mama yake Baba Mdogo ni mfupi, ana sauti kubwa kuliko mwili wake. Alikipokea, akakiweka kando, akatuuliza ni nani aliyetuleta mpaka kwenye ndege. Tukasema ni mwanawe.

«Basi alifika mpaka kwenye ndege,» alisema.

«Alifika mpaka mlangoni, Mama.»

Akataka tusimulie yote. Alikuwa amevaa nini? Koti lake lilikuwa zito? Alikula? Barabara ile ya zamani ina vijiji gani, na kwa nini aliijua? Alipokuwa akiendesha, alikuwa akiimba? Maana zamani aliimba kila alipofanya kazi. Tukajibu kwamba siku ile hakuimba. Tulisimulia barafu, taa nyekundu, Tienen, koti alilomfunika mtoto. Mama alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha kana kwamba sisi ndio tuliomsindikiza mwanawe. Tuliruka maneno tuliyomwambia garini, na tuliruka mizani.

Binti ndiye aliyesema habari za mfuko. Alisema polepole, kwa Kiswahili chake cha kigeni, akitafuta maneno, na hakuna aliyemkatiza. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, au hakutuonyesha. Aliuliza tu ndani yake mlikuwa na nini.

Tulitazamana. Hatukujua.